Safari ya upasuaji wa urembo ipangwe kuanzia siku ya kurudi Mpanda

Katika saluni za Majengo na Makanyagio, mjini Mpanda, mazungumzo ya shepu hayaishi. Zamani yalihusu vidonge na krimu za "Mchina" zilizouzwa kwa kificho. Siku hizi yanahusu Istanbul, Mumbai na Bangkok. Video ya dakika moja kwenye simu inaonyesha tumbo kabla, tumbo baada, kiuno kimekatika, na chini yake namba ya WhatsApp ya mtu anayejibu hata saa sita za usiku.

Na wapo wanaoweza kulipia. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ulikuwa na watu 1,152,958 katika sensa ya 2022. Miongoni mwao kuna wafanyabiashara wa mchele wa Mpimbwe, wenye maduara ya dhahabu, wafugaji wanaouza ng'ombe kwa makundi, na watumishi wanaojiwekea akiba kwenye SACCOS mwaka hadi mwaka. Mwanamke aliyezaa watoto watano na kuchoka na tumbo lililolegea hadaiwi maelezo na mtu yeyote kwa kutaka kulikaza. Mwanamume anayetaka kupandikizwa nywele naye vilevile. Mwili ni wake na fedha ni zake.

Kinachostahili kujadiliwa ni namna safari yenyewe inavyopangwa. Wengi huipanga kuanzia mbele: pasipoti, viza, tiketi, hoteli, chumba cha upasuaji, na hapo mpango unakatika. Matangazo pia hukatikia hapo hapo. Lakini mkazi wa Mpanda ana jambo ambalo mkazi wa London au Dubai hana. Akishashuka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, bado ana zaidi ya kilomita 1,100 za kufika nyumbani, na akifika, daktari aliyemshona yupo ng'ambo ya bahari. Ndiyo maana mpango wa mtu wa Katavi unapaswa kuanzia mwisho, yaani wiki ya tatu baada ya upasuaji, usiku, homa imepanda, mshono unatoa majimaji yenye harufu. Nani atapigiwa simu?

Jibu la swali hilo linatafutwa kabla ya kukata tiketi, na linaanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi. Anayetaka kusafiri aende pale, aonane na daktari wa upasuaji, aseme wazi anachokwenda kufanya na aulize kama hospitali iko tayari kumpokea akirudi. Hapa aibu huwaponza watu. Wengi huondoka kimya kimya, hata mume au dada hajui, wanasema wanakwenda Dar es Salaam kufuata mzigo. Wakirudi na kidonda kibovu wanaanza kwa kujificha, wanameza dawa za kuua vijidudu zilizonunuliwa duka la dawa baridi, na wanafika hospitali siku usaha umeshatapakaa. Daktari anayempokea hajui nini kilikatwa, nini kiliwekwa ndani, wala alipewa dawa gani. Watu wawili angalau wanapaswa kujua ukweli wote: daktari mmoja wa mkoani na ndugu mmoja anayeaminika.

Kuna vijidudu vinavyochelewa kujitokeza. Marekani imekumbana mara kadhaa na wagonjwa waliorudi kutoka Jamhuri ya Dominika wakiwa na maambukizi ya bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu, walioingia kupitia vifaa visivyosafishwa sawasawa. Vinundu na vidonda vya maambukizi hayo hutokea wiki kadhaa au hata miezi baada ya upasuaji, havisikii dawa za kawaida, na tiba yake huchukua miezi. Mgonjwa wa namna hiyo akifika hospitali ya wilaya bila karatasi, daktari ana haki ya kubabaika. Akifika na karatasi, na akataja alifanyiwa wapi na lini, kipimo sahihi cha maabara kinaweza kuombwa mapema.

Karatasi hizo ni zipi? Ripoti ya upasuaji yenyewe, ikieleza kilichofanyika hatua kwa hatua. Muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini. Majina halisi ya dawa na dozi. Majibu ya vipimo. Jina kamili na namba ya usajili ya daktari. Kwa aliyewekewa matiti ya bandia, kadi yenye jina la kampuni iliyoyatengeneza na namba yake ya utambulisho. Kadi hiyo watu huitupa pamoja na maboksi ya dawa, na hilo ni kosa kubwa. Mwaka 2010 iligundulika kwamba kampuni ya Kifaransa ya PIP ilikuwa ikijaza matiti ya bandia kwa silikoni ya viwandani, na mwanzilishi wake alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Julai 2019 kampuni ya Allergan nayo iliondoa sokoni duniani kote aina ya matiti yake yenye uso wa kukwaruza, baada ya kuhusishwa na saratani adimu ya mfumo wa limfu. Mara zote mbili, mwanamke mwenye kadi alijua siku ileile kama jambo hilo linamhusu. Asiye na kadi alibaki kubahatisha. Karatasi zote ziombwe kwa Kiingereza, zipigwe picha, na nakala iachwe kwa yule ndugu wa Mpanda.

Sasa barabara. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2007 yakionyesha kwamba mtu anayekaa kitini bila kujinyoosha kwa saa nne au zaidi, iwe ndani ya ndege, basi, treni au gari dogo, hatari yake ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu huongezeka takriban mara mbili. Hapo ni mtu mzima wa afya. Upasuaji wenyewe nao huongeza hatari hiyo, kwa sababu mwili uliojeruhiwa hugandisha damu kwa haraka ili kujikinga. Bonge la damu likitoka mguuni likakwama kwenye mapafu, mtu anaweza kufa katika dakika chache. Msafiri anayetoka Istanbul au Mumbai, akashuka Dar es Salaam alfajiri na kupanda basi la Mpanda kupitia Dodoma na Tabora, amejiwekea saa hizo nne mara nyingi kwa mfululizo.

Mamlaka za afya za Marekani zinashauri mtu aliyepasuliwa kifua au tumbo asubiri angalau siku 10 kabla ya kupanda ndege, na aliyefanyiwa uso, kope au pua asubiri siku 7 hadi 10. Kwa mtu wa Katavi, siku hizo 10 zihesabiwe kama kiwango cha chini kabisa, kisha ziongezwe siku za kupumzika Dar es Salaam kwa ndugu kabla ya kuelekea magharibi. Kama Air Tanzania ina safari ya Mpanda wiki hiyo, tiketi ya ndege ya ndani ina thamani kubwa kuliko hoteli ya nyota tano kule ng'ambo. Wasio na uwezo huo wafikirie treni ya reli ya kati, yenye mabehewa ya kulala, ambayo tawi lake linafika Mpanda kupitia Tabora na Kaliua. Angalau mtu analala, anainuka, anatembea koridoni. Basi liwe chaguo la mwisho, na likitumika, safari ikatwe vipande: Dar hadi Dodoma kwa treni ya umeme, alale, Dodoma hadi Tabora, alale, kisha Mpanda.

Kwa aliyehamishiwa mafuta makalioni, basi halifai hata kujadiliwa. Madaktari wengi humkataza mgonjwa huyo kukalia makalio moja kwa moja kwa wiki kadhaa, kwa sababu mafuta yaliyopandikizwa yanahitaji damu ya kuyalisha, na yakikandamizwa hufa. Kukalia kiti cha basi mchana kutwa ni kuyaharibu yale yaliyolipiwa kwa mamilioni. Juu ya hapo kuna nguo ya kubana mwili inayovaliwa usiku na mchana kwa wiki nyingi, na pengine mrija wa kutoa majimaji ukining'inia ubavuni. Joto la Mpanda la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, halina huruma kwa nguo ya namna hiyo. Anayeweza kuchagua apange arudi miezi ya Juni na Julai, hali ya hewa ikiwa na ubaridi.

Upasuaji huo wa kuhamisha mafuta kutoka tumboni kwenda makalioni ndio unaotafutwa sana na ndio ulioua sana, kwa hiyo unahitaji maelezo ya kutosha. Ndani ya misuli ya makalio kuna mishipa mikubwa ya damu inayorudi kwenye moyo. Sindano ya mafuta ikizama hadi kwenye msuli na kuchana mshipa, mafuta huingia kwenye damu, yanafika kwenye moyo na mapafu, na mgonjwa anaweza kufia mezani au saa chache baadaye. Mwaka 2018 jopo la vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji rekebishi lilitoa tahadhari kwamba vifo vinaweza kufikia 1 kwa kila wagonjwa 3,000, kiwango kikubwa mno kwa upasuaji usio wa lazima. Mwaka huohuo chama cha madaktari hao nchini Uingereza kiliwashauri wanachama wake wauache kabisa kwa muda. Baadaye ilikubalika kwamba mafuta yawekwe chini ya ngozi tu, kamwe yasiingie kwenye msuli, na jimbo la Florida likatunga sheria ya kumlazimisha daktari atumie ultrasound ili aone ncha ya sindano ilipo. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni jepesi: mafuta yatawekwa chini ya ngozi au ndani ya msuli, na ultrasound itatumika? Daktari anayejua kazi yake atajibu bila kukasirika. Anayejibu "usiwe na hofu, tunafanya kila siku" hajajibu.

Takwimu za Marekani zinaonyesha hatari ilivyo. Kati ya mwaka 2009 na 2022, raia 93 wa nchi hiyo walifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika. Vifo vilivyochunguzwa kwa undani vilisababishwa zaidi na mafuta kuziba mishipa ya mapafu na damu kuganda, na wengi wa marehemu walikuwa wamefanyiwa upasuaji zaidi ya mmoja kwa mkupuo: mafuta yamenyonywa, makalio yamejazwa, tumbo limekazwa, pengine na matiti yameguswa siku hiyohiyo. Hapa ndipo ofa ya "vitatu kwa bei ya kimoja" inapouma. Kila saa ya ziada chini ya dawa ya usingizi ina gharama yake mwilini. Mtu aliyesafiri mbali huona ni busara kumaliza yote kwa nauli moja, na wauzaji wanalijua hilo vizuri. Ni heri arudi na kiungo kimoja kilichofanyiwa kazi vizuri.

Fedha nyingi hazimkingi mtu. Stella Obasanjo, mke wa Rais wa Nigeria wa wakati huo, alifariki Oktoba 23, 2005 nchini Hispania baada ya upasuaji wa kunyonya mafuta, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 60. Mwaka 2009 mahakama ya huko ilimtia daktari hatiani kwa kusababisha kifo kwa uzembe: mrija wa kunyonyea mafuta uliingia ndani ya tumbo, ukatoboa utumbo na kujeruhi ini. Hakimu alimpa kifungo cha mwaka mmoja na kumzuia kufanya kazi kwa muda. Kama mke wa rais, mwenye walinzi na ubalozi wa nchi yake, alifikwa na hayo, mfanyabiashara wa soko la Buzogwe anayekwenda peke yake na begi moja anapaswa kuwa mwangalifu mara kumi zaidi. Karibu na nyumbani pia yametokea. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki jijini Nairobi baada ya kunyonywa mafuta kwenye kliniki, na Baraza la Madaktari la Kenya likaifunga kliniki hiyo.

Tukio la Nairobi linaleta jambo la kuuliza ambalo wengi hulisahau kwa kuangalia picha za kabla na baada. Je, mahali pale ni hospitali au ni kliniki? Kuna chumba cha wagonjwa mahututi ndani ya jengo hilohilo, au mgonjwa akizidiwa anapakiwa kwenye gari kutafuta hospitali nyingine? Nani anampa dawa ya usingizi: daktari bingwa wa usingizi atakayekaa naye mwanzo hadi mwisho, au daktari mpasuaji mwenyewe ndiye atakayegawa macho kati ya kisu na mapigo ya moyo? Kuna akiba ya damu ya kundi lake? Picha za kabla na baada zinaweza kuhaririwa, na zinaweza kuwa za mgonjwa wa daktari mwingine kabisa. Chumba cha mahututi hakihaririwi.

Kuhakiki kunawezekana hata kwa mtu aliyeko Kawajense mwenye bando la kawaida la intaneti. Uturuki, tangu mwaka 2017, ina kanuni inayoitaka hospitali na wakala wanaopokea wagonjwa wa kigeni wawe na cheti maalumu kutoka Wizara ya Afya ya nchi hiyo. Aombe cheti hicho, asome jina lililoandikwa, alilinganishe na jina lililo kwenye ankara. India ina ithibati ya ubora wa hospitali inayoitwa NABH, na madaktari wake husajiliwa na mabaraza ya majimbo pamoja na tume ya taifa ya udaktari. Ithibati ya kimataifa ya JCI nayo huorodheshwa wazi mtandaoni. Jina la daktari litafutwe kwenye orodha ya bodi ya madaktari wa upasuaji rekebishi wa nchi yake, kwa sababu daktari wa ngozi au wa meno aliyesoma kozi ya wiki mbili anaweza naye kujiita mtaalamu wa urembo. Kisha aombe kuzungumza na daktari mwenyewe kwa video. Akiambiwa daktari atamwona asubuhi ya upasuaji, aachane nao.

Dalali ni suala la kipekee. Wapo mawakala waaminifu, wanaopanga usafiri, mkalimani na hoteli, na kazi yao ni halali. Lakini malipo ya upasuaji yaende kwenye akaunti ya hospitali, kwa ankara yenye jina la hospitali, wala yasitumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Ankara ieleze kilichomo: siku za wodini, vipimo, dawa, nguo ya kubana, na hasa itamke nani atalipia iwapo mgonjwa atahitaji kurudishwa chumba cha upasuaji. Bei ya chini sana mara nyingi imeondoa kipengele hicho. Bima haitasaidia. NHIF haigharamii upasuaji wa urembo, na bima nyingi za safari huandika kwa maandishi madogo kwamba matatizo yatokanayo na upasuaji wa kujichagulia hayamo. Kwa hiyo bajeti iwe na fungu la dharura lisiloguswa, la kutosha kumweka wodini siku za ziada kwa bei za kule na kubadilisha tiketi yake na ya mwenzake. Anayeuza ng'ombe wote au kukopa kwenye kikoba ili afikishe bei ya upasuaji peke yake hana fungu hilo, na kwake safari isubiri.

Mwenzake? Ndiyo, mwenzake. Asiende peke yake. Viza ya kielektroniki ya matibabu ya India humruhusu mgonjwa kukaa hadi siku 60 na kuingia mara tatu, na kuna viza ya wasindikizaji wake, hadi wawili. Kwenda kupasuliwa kwa viza ya utalii ni kujitafutia matatizo, kwani upasuaji ukienda vibaya na siku zikaongezeka, mgonjwa atakuwa na mshono mbichi huku akihojiwa na uhamiaji. Pasipoti ya kawaida ya Tanzania inagharimu shilingi 150,000, maombi hufanywa mtandaoni, na kitambulisho cha taifa cha NIDA kinahitajika. Mwenye jina linalotofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na NIDA alishughulikie hilo miezi kadhaa kabla. Kwa wakazi wa Katumba na Mishamo, ambao familia zao zilitoka Burundi mwaka 1972 na kupewa uraia wa Tanzania mwaka 2014, vyeti vya uraia visiachwe nyumbani siku ya kwenda ofisi ya uhamiaji.

Lugha isidharauliwe. Hospitali kadhaa kubwa za India huajiri wakalimani wa Kiswahili. Uturuki msafiri atategemea zaidi Kiingereza au mkalimani wa wakala. Fomu ya ridhaa isisainiwe kabla haijasomwa yote kwa lugha anayoielewa, hata kama gari la kumpeleka chumba cha upasuaji limeshafika mlangoni.

Halafu kuna jambo la Katavi ambalo daktari wa Istanbul hatalifikiria mwenyewe: malaria. Mtu anaweza kuumwa na mbu Mpanda usiku wa kuamkia safari, akapasuliwa akiwa mzima, na homa ikamwanza siku ya 8 au ya 12 akiwa wodini au hotelini ng'ambo. Wataalamu wa kule watatafuta maambukizi ya kidonda, watabadilisha dawa, na siku zitapita. Mgonjwa au msindikizaji wake aseme mapema, na arudie kusema, kwamba ametoka eneo lenye malaria na anataka kipimo. Vilevile seli mundu. Anayebeba vinasaba vyake bila kujua, au mwenye historia ya ugonjwa huo ukoo wake, apime nyumbani, kwa sababu dawa ya usingizi, ubaridi wa chumba cha upasuaji na upungufu wa maji vinaweza kumletea madhara. Wingi wa damu, sukari, shinikizo, VVU na ujauzito vipimwe huku huku Tanzania. Anayevuta sigara aache angalau wiki nne kabla. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango amweleze daktari, maana baadhi huongeza kuganda kwa damu. Mwenye makovu yanayovimba na kung'aa, keloidi, amwonyeshe daktari kovu alilonalo. Kama tundu la hereni lilimfanyia uvimbe sikioni, mkato wa nyonga hadi nyonga unaweza kumfanyia hivyohivyo.

Kukaza tumbo pia kunataka mtu awe amemaliza kuzaa. Mimba mpya hutanua tena kilichokazwa, na mkoani Katavi, ambako utafiti wa afya ya uzazi wa 2015–16 ulionyesha asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshaanza kuzaa au wana mimba, mama wa miaka 30 mwenye watoto watano bado ana miaka mingi ya kushika ujauzito. Daktari muungwana atamuuliza. Na atamwambia ukweli mwingine usiopendwa: kunyonya mafuta hakupunguzi uzito. Ni kuchonga sehemu, na mafuta yanayotolewa kwa mara moja yakizidi lita 5 huhesabiwa kuwa mengi, yanayohitaji uangalizi wa hospitali. Mwenye kilo nyingi anatafuta tiba nyingine.

Tiba hiyo, pamoja na huduma nyingi zinazowapeleka watu ng'ambo, sasa ipo Dar es Salaam. Hospitali ya Taifa Muhimbili, kituo cha Mloganzila, huweka puto tumboni na kufanya upasuaji wa kupunguza uzito, na mwaka 2023 ilitangaza kuanza upasuaji wa urembo kwa kushirikiana na wataalamu wa nje. Wapo walioshangaa kusikia hospitali ya umma inashughulika na matiti na makalio. Lakini uamuzi huo una faida iliyo dhahiri kwa mtu wa mkoani: daktari yumo nchini, anazungumza Kiswahili, amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mshono ukifumuka daktari wa Katavi anaweza kumpigia simu. Hata anayekusudia kwenda nje bila kubadili nia aanze kwa kumwona bingwa wa Mloganzila. Atapata maoni ya mtu asiyemuuzia tiketi.

Fani ya upasuaji rekebishi ina mizizi ya zamani katika ukanda huu, na haikuanza na viuno. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji rekebishi, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha AMREF, wakiwa wamelipata wazo hilo kwenye miteremko ya Kilimanjaro: kumfuata kwa ndege mgonjwa aliyeungua au aliyejeruhiwa na mnyama huko ambako barabara haifiki. Katavi bado ina wagonjwa hao. Kuna mtoto aliyeangukia moto wa jikoni na kiwiko chake kikaganda kikiwa kimekunjwa, mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura akafichwa ndani, na mwanamke aliyemwagiwa maji ya moto. Kwao hakuna haja ya viza. CCBRT ya Dar es Salaam hufanya upasuaji wa mdomo sungura, na Hospitali ya Aga Khan ya jijini humo imekuwa ikiendesha kambi za upasuaji rekebishi bila malipo kwa wanawake wenye makovu ya moto na ya ukatili. Familia nyingi za wilaya za Mlele na Tanganyika hazijui. Yeyote anayemfahamu mgonjwa wa namna hiyo ampeleke hospitali ya wilaya akaombe rufaa.

Kwa aliyepima yote haya na bado anataka kusafiri, aweke miezi sita kati ya wazo na tiketi. Muda huo unatosha kupata pasipoti, kupima afya, kumwona bingwa wa Mloganzila, kuhakiki hospitali ya ng'ambo, kukusanya fungu la dharura na kuzungumza na daktari wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi. Na akisharudi, maumivu ya ghafla ya kifua, kuishiwa pumzi, mguu mmoja kuvimba, homa, au mshono kutoa usaha ni dharura. Asisubiri jibu la WhatsApp kutoka Istanbul. Aende hospitali usiku huohuo akiwa na bahasha ya karatasi zake mkononi.